Kwa Tabitha, Aliyewaacha Watoto Wacheze Mtu wa Gunia

Tabitha rafiki yangu,

Kibanda chako cha watoto bado kiko wazi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza nimeamkaje. Upande ule uliokuwa ukivuja umeezekwa upya, na leo asubuhi nikienda shuleni nilisikia kelele za watoto tangu kule kwenye handaki linalozunguka kijiji. Lakini kilikaribia kufungwa, na pamoja nacho tulikaribia kumpoteza Wambui. Nataka kukueleza yote kwa utaratibu. Tafadhali usinikatize. Miaka yote ulikuwa ukinikatiza, na leo huna la kufanya ila kusikiliza.

Tulikuzika Thika, kwenye makaburi ya kanisa, karibu na mama yako. Mvua ilinyesha. Wahubiri walikuwa wawili na kila mmoja alitaka awe wa mwisho. Walisema ulikuwa muuguzi mwaminifu, kwamba uliacha mshahara wa hospitali ukaja kwetu Ruiru, kwenye kijiji hiki tulichohamishiwa kwa nguvu, kuwalinda watoto wakati mama zao wakiwa kwenye kazi ya lazima. Kuwalinda. Kana kwamba ulikuwa ukilinda kuku wasiliwe na mwewe. Nilitaka kusimama niseme ulichokuwa ukifanya hasa. Dada yako mdogo akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Mwalimu, leo hapana. Tafadhali." Nikanyamaza. Wewe peke yako unajua jinsi jambo hilo lilivyonigharimu.

Basi nitalisema hapa. Ulikuwa ukiwatibu. Hukuwa na sindano wala vidonge. Ulikuwa na udongo wa mtoni, makopo, vitambaa, wanasesere uliowatengeneza kwa magunzi ya mahindi, na lile gunia ulilobebea udongo, ambalo baadaye lilitutia sote matatani. Unakumbuka kile kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichoazima kwa mwalimu mwenzangu? Tulikisoma jioni mbele ya moto wako, mimi nikisoma kwa sauti na wewe ukichambua maharagwe. Kilieleza jinsi watoto wa Ulaya walioponea mabomu walivyopewa mchanga na wanasesere, wakaachwa wacheze yale waliyoyaona mpaka usingizi ukawarudia. Nilikasirika nikakitupa kitandani. Nikakuambia, "Umeona? Wa kwao wakiumia wanaitwa wagonjwa. Wetu wakiumia wanaitwa watoto wa magaidi."

Ulikiokota, ukakipangusa kwa leso. "Andika gazetini, Mama Njeri. Wachape vizuri. Mimi kesho nakwenda mtoni kuchota udongo."

Ndivyo tulivyokuwa, mimi na wino, wewe na udongo. Na sikubali hata leo kwamba wino haukufaa. Barua zangu mbili zilichapishwa, moja ikamkera bwana mkubwa wa wilaya mpaka akaniita ofisini, na ninajivunia. Lakini barua haiwezi kumchuchumalia mtoto. Hilo lilikuwa lako.

Nakumbuka siku ya kwanza walipoucheza mchezo ule. Nilikuwa nimekuletea chumvi. Mtoto mmoja alikuwa amejivika gunia kichwani, limetobolewa matundu ya macho. Wengine walijipanga mstari, wakachuchumaa mikono kichwani, jinsi walivyotuona sisi wazazi tukichuchumaa uwanjani siku za msako, tulipoletewa watu waliofichwa nyuso kwa magunia ili watutambue. Yule wa gunia akapita mbele ya wenzake polepole. Alipomnyooshea kidole mmoja, mtoto yule akabebwa juujuu, akatiwa ndani ya lori, yaani makopo yaliyopangwa chini, akapelekwa jela nyuma ya pipa la maji. Nilitaka kulinyang'anya lile gunia nikalichome. Ukanivuta sketi nikakaa.

"Waache," ukasema. "Kule uwanjani nani aliwauliza kitu? Hapa wao ndio wanaamua."

"Wanaamua kufungana?"

"Wanaamua nani anarudi. Ngoja uone."

Nikangoja. Kweli, ulipogonga sufuria ya uji, jela yote ilifunguliwa. Wote waliochukuliwa walirudi, wengine wakija na hadithi za walikopelekwa, na walipokelewa kwa vifijo. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Katika mchezo wao hakuna aliyechukuliwa asirudi kabla ya uji. Nilirudi nyumbani nikalia, na sikukuambia kwa sababu ungenicheka.

Ulikuwa na sheria moja tu, na uliisimamia kwa ukali kuliko wahubiri na amri zao kumi. Mtu mzima haingii mchezoni bila kuomba. Akiruhusiwa, hachagui, anauliza, "Mimi ni nani hapa?" na akishaambiwa, anakuwa huyo mpaka watoto waseme basi. Uliishika hata siku ile Mzee Zakaria, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alipokuja na kofia yake mkononi kukuuliza habari ya ufunguo wa ghala. Ulikuwa umefungwa. Mwanamke mnene kama wewe, umekunjwa nyuma ya pipa, magoti yamegusa kidevu.

"Tabitha, toka tuongee."

"Siwezi, mzee. Nimefungwa. Ongea na afande."

Na afande alikuwa Kariuki wa kwa Gathoni, makamasi mpaka mdomoni, fimbo begani. Akamwambia mwenyekiti wa wazee wa kanisa, "Kipande chako kiko wapi?" Mzee akajipapasa mifuko kweli, akitafuta kitambulisho chake. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Yeye hakucheka, na nadhani siku ile ndiyo alianza kukihofia kibanda chako.

Sasa Wambui. Wewe ulimjua kabla yangu. Bibi yake, ambaye wote tunamwita Cucu, ndiye aliyekuletea. Baba yake alionyeshwa kwa kidole na mtu wa gunia mbele ya macho ya mtoto, akapandishwa lori, na mpaka leo yuko kambini kizuizini. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Akabaki kwa baba yake mdogo, aliyekuwa amevaa sare ya homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, na aliyekuwa akirudi nyumbani na hasira zote za kituoni na kuzimalizia kwa mtoto wa nduguye. Cucu alipomchukua, mtoto alikuwa hasemi. Alikuwa akiweka chakula shavuni bila kukimeza, kama mtu anayesubiri kunyang'anywa. Wewe hukumwuliza neno. Ulimpa nafasi mlangoni, mahali anapoweza kukimbia akitaka, ukamwachia karibu naye donge la udongo. Wiki nyingi alilifinyanga tu na kulibomoa. Mimi nilikuwa nikikusumbua, "Mwulize, huenda atasema." Ukanijibu, "Anasema. Tazama mikono."

Halafu siku moja akasimama, akalichukua gunia, akajivika. Wenzake wakajipanga. Alisimama mbele ya mstari kwa muda mrefu mpaka wengine wakaanza kukuna magoti. Kisha akageuka, akakunyooshea kidole wewe. Ukabebwa na watoto kadiri walivyoweza, yaani walikukokota, ukaenda jela, ukarudi kwa uji. Kuanzia siku hiyo hakuonyesha mtu mwingine. Kila akivaa gunia, ni wewe. Ulinieleza ukiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwako.

Kisha ukafariki. Kikohozi ulichokuwa nacho tangu masika, ulichokuwa ukikiita vumbi, kilishuka mapafuni. Ulipelekwa hospitali ya Thika asubuhi, na hukurudi.

Hakuna aliyewaza juu ya Wambui. Sisi wakubwa tulikuwa tukihangaika na gari la maiti na chai ya wageni. Watoto tuliwaambia kwamba Tata Tabitha, shangazi yao wote, amekwenda kwa Mungu, wakarudi zao kucheza, tukadhani yameisha.

Siku chache baada ya mazishi, Cucu alinifuata shuleni. Alisema, "Mwalimu, huyu mtoto ameumia mkono na hataki niuone." Wambui alikuwa amefunga mkono wa kulia kwa kitambaa, kuanzia vidoleni hadi kwenye kifundo. Alikuwa akila kwa mkono wa kushoto, tena kidogo sana. Usiku alikuwa akiulalia. Cucu alikuwa amempeleka kwa mganga, kitambaa kikafunguliwa kwa nguvu, na mkono ukaonekana mzima kabisa. Njiani kurudi akaufunga tena.

Kariuki ndiye aliyenieleza, bila hata kuacha kusukuma lori lake la kopo. "Huo mkono ndio ulimwonyesha Tata Tabitha. Akachukuliwa, na hajarudi."

Nilikaa chini pale pale, Tabitha. Nilikaa kwenye matope.

Unaelewa? Wote wengine walikuwa wakirudi kabla ya uji. Wewe peke yako hukurudi. Mtoto alipiga hesabu yake mwenyewe na haikuwa na kosa lolote ndani yake, ila jibu lake lilikuwa la kutisha.

Na kama ilivyo kawaida ya kijiji hiki, habari hiyo ilimfikia Mzee Zakaria kabla ya jua kutua. Jumapili ile akatangaza kanisani kwamba wazee watakutana kuhusu kibanda. Alisema mchezo wa gunia umeleta kifo, kwamba wazee wetu wa zamani hawakuthubutu hata kuigusa maiti, na sisi tunawaacha watoto wachezee yaliyoua watu. Nilisimama katikati ya ibada. Nilimwambia kwamba kifo kililetwa na kikohozi, na kwamba kilicholeta gunia kijijini hapa kinajulikana na si watoto. Mke wa mhubiri akaanzisha wimbo ili kunizima. Niliimba nao, kwa sauti kubwa, kwa hasira.

Lakini Wambui alikuwa bado amefunga mkono. Hilo halikuwa la kupigiwa kelele.

Nikaanza kwenda kibandani kila nikitoka shule. Kwanza nilijaribu kwa njia yangu. Nilimkalisha Wambui, nikamweleza mapafu ni nini, homa ni nini, kwamba kidole hakiwezi kumwua mtu. Nilieleza vizuri sana. Hata homugadi angeelewa. Yeye alitazama kifungo cha blauzi yangu mpaka nilipomaliza, kisha akauweka mkono wake chini ya paja, akaukalia. Nikamleta muuguzi mwenzako aje aseme vile vile. Akaukalia tena.

Hapo ndipo watoto wenyewe walipobadilisha mchezo. Gunia la kuonyeshana walikuwa wameliacha. Sasa walikuwa wakicheza mazishi. Walichimba kishimo nyuma ya kibanda, wakazika gunzi, wakahubiri. Kariuki alihubiri kwa muda mrefu na kwa sauti ya pua, nikamtambua mhubiri wa pili wa Thika. Wambui alikuwa mlangoni, lakini niliona ameanza kusogea. Kila siku alikuwa karibu zaidi na kile kishimo.

Nikafanya ulichokuwa ukifanya. Nikavua viatu, nikawaomba niingie, nikauliza, "Mimi ni nani hapa?"

Walishauriana. Kisha Kariuki akasema, "Wewe ni Tata Tabitha. Umekufa. Lala."

Tabitha, nina umri gani wa kulala kwenye udongo nikiwa na sketi ya kazini? Nikalala. Wakanifunika kwa gunia. Lilikuwa likinuka udongo wa mtoni, na likinuka wewe. Wakaimba, wakahubiri, wakanirushia majani. Mtu aliketi kwenye mguu wangu. Nami nikalala kimya, mimi ambaye sijawahi kumwacha mhubiri amalize sentensi, kwa sababu maiti hasemi na sheria yako ni sheria yako.

Kisha kelele zikatulia. Nikasikia nyayo ndogo. Gunia likainuliwa upande wa uso wangu, nikafumba macho kwa nguvu, nikasikia pumzi yake karibu kabisa. Akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi:

"Mimi nilikuwa nataka tu ukuje tucheze."

Nilibana meno. Machozi yalikuwa yakinitiririkia masikioni, na sikujua kama maiti anaruhusiwa kulia. Akangoja. Kisha akasema, "Unaweza kunijibu."

Nilikuwa na kila hoja niliyomweleza kabla. Mapafu, homa, yote. Sikusema hata moja, kwa kuwa hakumwuliza Mwalimu. Alikuuliza wewe. Nikasema, "Nilijua. Ndiyo maana nilikuja kila siku. Nilikuwa naumwa kifua. Nilikuwa nikiumwa hata kabla hujaniita."

"Kifua?"

"Kifua. Si ulikuwa ukinisikia nikikohoa?"

"Ulikuwa unakohoa sana," akasema. "Ulikuwa unatisha kuku."

"Basi."

"Na hurudi?"

Hapo nilikaribia kusema uongo. Wenzake wote walikuwa wakitusikiliza, na nadhani hata kuku walikuwa wakitusikiliza. Nikasema, "Sirudi. Lakini si wewe uliyenionyesha."

Akakaa kando yangu. Sikuona, kwa kuwa macho yalikuwa yamefumbwa, lakini nilisikia kitambaa kikifunguliwa, mzunguko baada ya mzunguko. Kisha akachota udongo kwa mkono wake wa kulia, akaniwekea kifuani, taratibu, kama anavyozikwa mtu anayependwa.

Na ndipo hasa Mzee Zakaria alipochungulia mlangoni, akamkuta mwalimu wa darasa la nne amelazwa chini ya gunia, anazikwa na watoto. Alisema "Mungu wangu," kisha akaondoka haraka kuliko mtu wa umri wake anavyostahili.

Mkutano wa wazee ulikuwa mkali. Nilijitetea jinsi unavyojua ninavyojitetea. Nilisema watoto hawa waliingiziwa vita ndani ya nyumba zao na hakuna aliyewaomba msamaha, na sasa wanataka kuvizika wenyewe, na sisi tunawanyima jembe. Nilisema mengi zaidi, mengine ningeweza kuyaacha. Mzee Zakaria alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwa sauti ya chini: kwamba mwanawe mkubwa naye alionyeshwa na mtu wa gunia, kwamba kila anapopita kibandani na kuona gunia kwenye kichwa cha mtoto anashindwa kupumua, na kwamba hakuja kupigana na mimi. Nikakaa chini, kwa hiari yangu, pasipo mtu kunishika kiwiko.

Kisha akasimama Cucu. Alisema, "Jana mtoto wangu alikula irio kwa mkono wake, akamaliza, akaomba nyingine. Mkitaka kufunga, fungeni. Lakini njooni kwanza mmwambie mbele yangu."

Hakuna aliyekwenda kumwambia. Kibanda kitabaki mpaka Krismasi, kisha wazee watatazama tena. Nami nitakuwepo Krismasi. Mzee Zakaria bado hapendi gunia, na watoto walipojua, waliamua wenyewe kulitundika ukutani siku anazokuja. Huwa anakuja. Anasema anatafuta mtu wa kumshikia ng'ombe. Juzi Kariuki alimwambia awe lori. Akakataa, akasimama, akazunguka kofia yake mikononi, kisha akauliza, "Lori la kupeleka watu au la kuwarudisha?" Wakamwambia la kuwarudisha. Akachuchumaa.

Na Wambui anagombana, Tabitha. Nakuandikia hili nikicheka. Leo ameshtakiwa kwa kuiba udongo wa mwenzake, akajitetea kwa maneno mengi na ya uongo, akinyoosha kidole huku na huku, na nilipoingilia kati akaniambia, "Mwalimu, wewe hujaulizwa." Ningefurahi zaidi kama ungelisikia kwa masikio yako. Usiku bado hushtuka mara nyingine. Akimwona mtu wa sare barabarani hujificha nyuma ya Cucu, na sitamwambia aache. Baba yake mdogo alikuja kumdai; nilimkuta mlangoni kwa Cucu, na hajarudi tena. Maneno niliyomwambia hayafai kuandikiwa mtu aliyelala kwenye makaburi ya kanisa.

Sasa wanaanza kuwarudisha watu kutoka kambini, wachache wachache. Wanashuka stesheni ya Ruiru wamekonda, na watoto wao hawawatambui. Siku moja baba yake Wambui atashuka. Atataka kumkumbatia papo hapo, atataka kumwuliza kila kitu, nani alimpiga, alikula nini, kwa nini hakuandika. Nakuahidi hivi: nitakwenda mwenyewe stesheni kumpokea, na njia nzima nitamweleza habari zako. Tukifika kibandani nitamvua viatu, nitamwambia asiulize chochote, aketi chini mbali kidogo na mwanawe, angoje kupewa kazi. Na akiwa na haraka, nitasimama mlangoni asipite. Wengi wameshindwa kupita hapo nikiwa nimesimama.

Pumzika, rafiki yangu. Kikohozi kimekwisha. Watoto tumebaki nao sisi.

Wako,
Mama Njeri